Kuomba Ubingwa Mlango kwa Mlango



Kila nikija Mombasa kuwatazama wazee, huulizwa swali lile lile na watu wanaonitakia kheri: "Daktari umeshakuwa, mwanangu, sasa wasomea nini tena?" Ni swali la haki, lakini jibu lake ni refu, halitoshi kusemwa kibarazani huku kahawa ikipoa. Nimeona bora niliandike humu, kwa sababu miongoni mwa wanaoniuliza wamo mama wenye mabinti walio katika vyuo vya udaktari, na haya nitakayoyaeleza yatawafika nao. Afadhali yawafike wakiwa wamejiandaa.

Mimi naishi Theta, kati ya Ruiru na Juja, katika kaunti ya Kiambu, mahali ambapo mashamba ya kahawa yanakatwa viwanja mwaka hadi mwaka na nyumba za kupanga zinaota palipokuwa na mibuni. Nimeolewa huku, nina watoto wawili, na kwa miaka mitatu nilikuwa daktari wa kawaida katika hospitali moja ya umma. Nasema "wa kawaida" kwa maana ya kazi: daktari mwenye shahada ya kwanza, anayemtibu kila ajaye, na anayempeleka kwa bingwa yule ambaye ugonjwa wake umepita uwezo wake.

Mpaka kufika hapo, safari yangu ilikuwa imepangwa na wengine. Mtoto wa Kenya akimaliza kidato cha nne, hujaza kozi anazozitaka katika mfumo mmoja wa taifa, ule unaojulikana kwa jina la KUCCPS. Alama zake hushindanishwa na za wenziwe, na siku moja hupata habari kwamba amepangiwa chuo fulani. Akihitimu udaktari baada ya miaka sita, Wizara ya Afya humpangia hospitali ya kufanyia mwaka wa mazoezi. Aweza kunung'unika kwamba amepelekwa mbali na kwao, lakini hana haja ya kutafuta mlango uko wapi. Mlango ni mmoja na foleni ni moja.

Baada ya mwaka wa mazoezi, foleni hiyo hukoma. Hapa Kenya hakuna mahali pamoja ambapo daktari atapeleka ombi moja la kusomea ubingwa likasomwa na vyuo vyote. Kila chuo kina fomu yake, ada yake ya maombi, tarehe zake za kufungua na kufunga, na namna yake ya kuwapima waombaji. Tarehe hizo hazingojani. Daktari aliyezoea kupangiwa huweza kukaa mwaka, miwili, akidhani kuna barua itakayomjia, na kumbe hakuna aliyetumwa kumwandikia.

Nilitaka ubingwa wa upasuaji, na sababu yake ni mama mmoja. Sitamtaja wala sitaeleza atokako. Alikuja kliniki akiwa amejistiri vizuri, amefuatana na bintiye, na alipofungua nguo yake niliona titi ambalo uvimbe wake ulikuwa umeshapasua ngozi. Nilimuuliza tangu lini. Akasema ni zaidi ya mwaka. Nilimuuliza kwa nini hakuja mapema. Akanitazama kana kwamba swali langu lilikuwa na jibu lililo wazi: "Nilikuwa nangoja nipate daktari mwanamke."

Wanavyuoni wetu wameeleza mara nyingi kwamba panapo dharura, mwanamke hutibiwa na mwanamume, na hakuna dhambi. Mama yule aliyajua hayo, pengine kunishinda mimi. Lakini hukumu ya ruhusa ni jambo moja, na haya ya mtu aliyelelewa miaka hamsini kujistiri ni jambo jingine. Haya haiondolewi kwa fatwa. Saratani ya matiti ikiwahiwa hutibika. Ikicheleweshwa hadi hatua ile, daktari hupigania kupunguza maumivu tu. Mimi niliweza kumgusa, kumfariji na kumwandikia barua. Kumpasua sikuweza, na aliyeandikiwa barua alikuwa mwanamume. Bintiye alinishika mkono mlangoni akasema, "Basi wewe husomei kazi hiyo?" Nilirudi Theta na maneno hayo.

Mume wangu alinisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: itachukua muda gani? Miaka mitano. Tulikaa kimya. Tukaswali istikhara kila mtu kivyake, tukampigia simu mamangu, tukampigia mama mkwe. Mama mkwe, ambaye nilimdhania atakuwa wa kwanza kukataa, alisema: "Miaka mitano itapita, usome usisome." Basi tukaanza kutafuta milango.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa vyuo vikuu vya umma. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kikongwe katika kazi hii, na wanafunzi wake wa ubingwa hujifunzia katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kipo pia Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, na vingine vilivyofuata. Shahada yake huitwa Uzamili wa Tiba. Ni mlango wa heshima kubwa, na mabingwa wengi wa nchi hii wamepitia hapo. Lakini mama zangu na wafahamu namna unavyoendeshwa. Mwanafunzi wa ubingwa hulipa karo, nayo ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, na wakati huo huo hufanya kazi ya wodini usiku na mchana. Ikiwa amedhaminiwa na serikali, mshahara wake huendelea. Ikiwa amejidhamini mwenyewe, hufanya kazi hiyo pasi na mshahara. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, daktari wa kaunti sharti aombe kaunti yake imruhusu kwa likizo ya masomo, na kaunti hupima: tukimwachilia huyu, nani ataziba pengo lake? Kwa hiyo ombi la chuo ni moja, na ombi la ruhusa ni la pili, kila moja na ofisi yake. Mtu aweza kufaulu huku akakwama kule.

Mlango wa pili ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambacho kimekuwa kikifundisha ubingwa katika hospitali yake ya Nairobi tangu mwaka 2004. Pale mwanafunzi hulipwa posho, na kwa hiyo watu huwa wengi na nafasi huwa chache. Huomba mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia popote.

Mlango wa tatu sikuufahamu kabisa mpaka nilipoelezwa na mwuguzi mzee wa chumba cha upasuaji, mama wa Kikuyu ambaye amewaona madaktari wengi wakija na kuondoka. Kipo chuo cha madaktari wa upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kiitwacho kwa ufupi COSECSA. Kiliundwa mwaka 1999, makao yake yako Arusha, na nchi 14 ni wanachama wake, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo. Ni chuo kisichokuwa na majengo ya madarasa. Darasa lake ni hospitali yenyewe: chuo hukagua hospitali, kikiridhika na wakufunzi wake, vifaa vyake na wingi wa wagonjwa wake, huitambua kuwa mahali pa mafunzo. Daktari huajiriwa hapo, hupasua chini ya bingwa anayemsimamia, na kila operesheni huiandika katika kumbukumbu yake. Baada ya miaka miwili kuna mtihani wa kuwa mwanachama wa chuo. Baada ya mitatu mingine, kwa upasuaji wa jumla, kuna mtihani wa ubingwa wenyewe. Mitihani hiyo ni mmoja kwa nchi zote, hata daktari wa Malawi na wa Ethiopia hupimwa kwa kipimo kile kile.

Tofauti ya mlango huu na ile miwili ni kwamba nafasi lazima uitafute mwenyewe hospitalini kabla chuo hakijakuandikisha. Hakuna anayekutangazia. Niliandika barua kwa hospitali saba, kila moja kwa jina la mkuu wake wa upasuaji, nikieleza mimi ni nani, nimefanya nini, na kwa nini nataka kujifunzia pale. Tatu zilijibu. Mbili kati ya hizo zilisema nafasi zimejaa. Moja ilisema, njoo tukuone.

Hapa sina budi kusema juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Panapokuwa na mlango mmoja na foleni moja, kompyuta haimjui binamu yako. Panapokuwa na milango mingi, kila mlango una mlinzi, na watu huanza kutafuta nani anamfahamu mlinzi. Kijana mmoja alinipigia simu, akisema amepata namba yangu kwa rafiki. Angeweza, alisema, kulisukuma faili langu katika chuo kimoja kwa shilingi 80,000. Jamaa mmoja wa mume wangu, mtu mwema asiye na hila, alijitolea kuzungumza na mkubwa fulani "ili jina lisipotee".

Yule kijana nilimjibu kwa neno moja, na simu nikaikata. Rushwa ni haramu, na mwenye kununua kiti cha kujifunzia kukata miili ya watu amewadhulumu wagonjwa kabla hajawaona. Lakini kwa jamaa yule nilifikiri zaidi, kwa sababu nami nilikuwa nauliza watu kila siku. Nilimuuliza mwuguzi, niliwauliza madaktari walionitangulia, nilimuuliza mwalimu wangu wa zamani. Je, kuna tofauti? Nikaona ipo. Kumuuliza mtu mlango uko wapi na hufunguliwa saa ngapi, hilo ni kutafuta elimu, na anayekuelekeza hampunguzii mwombaji mwingine haki yake. Kumwomba akufungulie wewe usiku, wenzio wakiwa wamesimama nje, hilo ni jambo jingine. Nilimshukuru jamaa yetu kwa adabu, nikamwomba asizungumze na mtu, na badala yake anisaidie kupata tarehe za mwisho za maombi, ambazo yeye, kwa kuwa afanya kazi mjini, angezipata upesi. Alifanya hivyo kwa furaha.

Nchi nyingine zimelitazama tatizo hili kwa njia zao. Marekani, tangu mwaka 1952, madaktari wanaotafuta nafasi za ubingwa hupeleka orodha ya hospitali wanazozipenda kwa daraja, hospitali nazo hupeleka orodha ya madaktari wanaowataka, kisha orodha mbili hizo hulinganishwa, na mwezi wa Machi kila mtu huambiwa alikopangiwa. Hata huko, kwa miaka mingi baadhi ya nafasi zilikuwa zikitolewa kwa mikataba ya pembeni, mpaka mwaka 2013 ilipowekwa kanuni kwamba hospitali iliyoingia katika mpango huo iweke nafasi zake zote humo. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, iliunda mwaka 2006 bodi moja ya kusimamia mafunzo ya ubingwa ya nchi nzima. Sisemi kwamba mfumo mmoja huondoa dhuluma zote. Lakini humwondolea mwombaji mzigo wa kujua siri za ofisi kumi, na mzigo huo huwalemea zaidi wale wasiokuwa na baba daktari wala mjomba profesa. Wasichana wetu wengi wa pwani ni katika hao.

Nilifanya mtihani mmoja wa chuo nikiwa katika funga ya Ramadhani, na nikaitwa kwenye mahojiano mahali pawili. Katika mahojiano mamoja, mtu aliyekuwa mezani aliniuliza kama nakusudia kuzaa tena. Sijui kama aliwauliza hivyo wanaume waliotangulia. Nilimjibu kwamba watoto ni riziki ya Mwenyezi Mungu, na kwamba likizo ya uzazi imo katika sheria ya nchi. Akauliza tena kama mtandio wangu hautanitatiza katika chumba cha upasuaji. Nilimwambia kwamba katika chumba cha upasuaji kila mtu hufunika kichwa, na mimi nimewatangulia wenzangu. Wengine mezani walicheka, naye pia alicheka. Nafasi ile sikuipata, na sababu sikuelezwa.

Kwa kuwa dada zangu huniuliza sana juu ya mavazi, na niseme wazi. Kofia na barakoa ni lazima kwa wote. Mikono huoshwa mpaka viwikoni kwa dakika kadhaa, na hapo haiwezekani kuwa imefunikwa. Baada ya kuoshwa huvaliwa joho safi la mikono mirefu, na glavu juu yake. Muda wa mikono kuwa wazi ni mfupi, nao ni kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Mtandio wa nje haungii ndani. Ndani huvaliwa kofia pana ya hospitali inayofunika nywele, masikio na shingo. Mimi nimeomba hivyo na nimepewa bila mzozo.

Hospitali iliyosema "njoo tukuone" ndiyo iliyonichukua. Iko mwendo wa saa moja na nusu kwa matatu kutoka Theta, mshahara wake ni mdogo kuliko niliokuwa nao, na zamu zake za usiku si haba. Mamangu alipanda treni kutoka Mombasa, akaja kukaa nasi miezi minne ya mwanzo, mpaka watoto walipozoea kulala bila mimi. Mume wangu amejifunza kusuka nywele za binti yetu, ingawa si kwa ustadi. Sasa niko mwaka wa pili. Kumbukumbu yangu ina operesheni 212, nyingine nikiwa msaidizi, nyingine mkono wangu ndio uliokata huku msimamizi akitazama. Mtihani wa kwanza wa Arusha uko mbele yangu. Wanawake katika kazi hii bado ni wachache mno katika nchi zetu zote. Tangu mwaka 2015 wana umoja wao chini ya chuo hicho, wanaosaidiana kwa ushauri, na nimepata humo dada wa Uganda na wa Zambia ambao maswali yao ni yale yale yangu.

Kwa mama aliye na binti anayekaribia kuhitimu udaktari, haya ndiyo ningependa ayajue mapema. Aanze kutunza faili moja tangu siku ya kuhitimu: vyeti, alama za chuo, leseni, barua za waliomsimamia katika mwaka wa mazoezi. Walimu huhama na kustaafu, na barua ya sifa huombwa mtu akiwa bado anakumbukwa. Awe na kalenda ya ukutani yenye tarehe za kila chuo. Aweke akiba ya ada za maombi, kwani hulipwa hata usipokubaliwa. Kabla ya kukubali mafunzo yoyote, ya ndani au ya ng'ambo, aulize Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya kama linayatambua. Baraza hilo ndilo linaloandikisha mabingwa. Na mazungumzo ya ndoa yakija, jambo la ubingwa lisemwe mwanzo, mbele ya wazee, kwa miaka yake kamili, asije mtu akadai baadaye kwamba hakuelezwa.

Liko na letu sisi sote. Katika mitaa yetu tunachangiana kwa harusi, kwa matanga na kwa safari ya hija, na Alhamdulillah hatujashindwa. Binti anapoitwa mahojiano Eldoret, nauli na mahali pa kulala kwa usiku mmoja ni kitu kidogo kwa kikundi cha akina mama ishirini, na ni kitu kikubwa kwake. Anapokuwa kazini bila mshahara kwa miaka, mtu wa kumshikia mtoto ni msaada uzidio fedha. Tukitaka siku moja mama zetu waache kungoja, wakifa kwa haya, basi yuko msichana mahali fulani ambaye sasa hivi anahesabu siku za mwisho za kupeleka fomu, na hana wa kumuuliza. Tumtafuteni mapema, kabla tarehe haijampita.